Volti Zinazotosha

Mjini Kahama mtu hutambua kwa sikio kwamba umeme umepungua. Feni iliyokuwa ikivuma kwa sauti moja hushuka, stebilaiza iliyo chini ya meza hugonga mara mbili tatu ikitafuta kiwango, na aliyekaa sebuleni husema, bila kuinua kichwa, kwamba umeme ni mdogo. Mtaa wa pili mashine ya kukoboa mpunga imewashwa. Mota yake inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano au sita ya ule itakaoutumia ikishatulia, na kama transfoma ni moja, nyumba zote za jirani huipata habari. Nyasubi ni kata ya mjini humo: nyaya zipo, mita za LUKU zipo, kiwango kinachotakiwa kufika nyumbani ni volti 230. Lakini Kahama ni mji wa mchele na dhahabu, na vyote viwili hupita kwenye mota kubwa kabla havijawa fedha. Ukishika njia ya Kakola kuelekea Geita, unakutana na karasha za wachimbaji wadogo zikisaga mawe.

Katika mji huohuo wapo vijana ambao riziki yao inategemea volti nyingine kabisa, ndogo kiasi kwamba betri moja ya rimoti inazizidi. Ni volti 1.2 hivi, zile zinazolisha prosesa ya kompyuta ya mezani. Hao ndio wanaokata na kuunganisha video za harusi, wanaotengeneza video za manju wa Kisukuma na kuzipandisha mtandaoni kabla vumbi la ngoma halijatua. Kompyuta mpya inayofaa kazi hiyo ina bei ya ng'ombe kadhaa, kwa hiyo mashine huundwa kipande kwa kipande: kava la mtumba, prosesa kutoka Kariakoo, madabodi iliyouzwa na mtu wa Mwanza aliyenunua nyingine. Siku moja mwenye mashine anagundua kwamba ndani ya bayosi, programu ya mwanzo iliyomo kwenye madabodi, kuna ukurasa wenye namba zinazobadilishika, na kwamba akipandisha kasi pamoja na volti, video iliyokuwa ikichukua saa nzima kukamilika itachukua dakika 55.

Ukurasa huo naupenda kwa dhati. Ni nadra mtu aliyenunua kitu kilichotengenezwa mbali kuruhusiwa kukiuliza kinahitaji nini hasa. Kinachonisumbua ni swali ambalo wengi huingia nalo. Wanauliza prosesa inaweza kuvumilia volti ngapi. Kwa mtu wa Nyasubi, lenye faida ni kuuliza inatosheka na ngapi.

Prosesa ni mabilioni ya swichi, na kila swichi inapofunguka na kufungwa kuna chaji kidogo inayojazwa na kumwagwa. Ili ifunguke upesi zaidi, sharti isukumwe kwa volti kubwa zaidi. Hapo ndipo anayetafuta kasi anapolazimika kugusa volti, na hapo ndipo hesabu inapomgeuka. Umeme unaoliwa hukua sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volti hukua kwa mraba wake. Chukua prosesa inayokwenda gigahezi 4.0 kwa volti 1.20. Ipandishe hadi 4.4, na tuseme imekubali kutulia kwenye volti 1.35. Kasi imeongezeka asilimia 10. Umeme unaoliwa na swichi zake umeongezeka takribani asilimia 39, na hapo bado hujauhesabu ule unaovuja kupitia swichi zilizofungwa, ambao nao huongezeka volti na joto vinapopanda. Iliyokuwa ikila wati 120 sasa inakula zaidi ya 165, na zote hizo huishia kuwa joto ndani ya chumba kilekile.

Tena wati 120 kwa volti 1.2 maana yake ni ampea 100. Nyumba yenye taa, televisheni na friji haifikishi hata ampea 10. Ampea 100 hizo zinaingia kwenye kipande cha silikoni kinachoenea juu ya kidole gumba. Anayezileta pale ni safu ya transista, koili na kapasita iliyopangwa kando ya soketi, inayopokea volti 12 kutoka kwenye pawasaplai na kuzishusha. Kwenye madabodi ya bei nafuu safu hiyo huwa fupi, pengine haina hata kipande cha alumini cha kuipoza. Watu huipigia hesabu prosesa na kuisahau safu hii, ilhali ndiyo inayobeba mzigo wote. Kapasita za kimiminika zina kanuni ambayo kila fundi wa redio angepaswa kuijua: joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa karibu nusu.

Chini ya ardhi, mchimbaji anayefuata mwamba wa dhahabu huacha nguzo za mwamba huohuo zibaki zimesimama. Dhahabu imo ndani ya nguzo, na kila aliye chini anaijua. Inaachwa kwa sababu ya kile kilicho juu yake. Kiwanda cha prosesa nacho huacha nguzo zake: huweka volti juu kidogo ya zile ambazo chipu iliyo mkononi mwako ingezihitaji, kwa sababu chipu hazifanani hata zikikatwa kwenye sahani moja ya silikoni, kwa sababu vipande huzeeka, na kwa sababu yuko mteja atakayeiweka mashine kwenye chumba kisicho na dirisha. Anayekimbiza prosesa anachimba nguzo hizo. Kuna siku atapata alichokitaka na dari isishuke. Na umo uchimbaji mwingine usioonekana: mwaka 1969 James Black wa kampuni ya Motorola alieleza kwa mlinganyo jinsi mkondo mzito unavyozisukuma atomi za metali ndani ya nyaya nyembamba za chipu, zikahama mahali pake, waya ukapungua upande mmoja na kuvimba upande wa pili. Joto huiharakisha sana kazi hiyo. Haitoi moshi wala harufu. Prosesa iliyotulia kwenye volti 1.35 mwaka huu, baadaye itadai 1.37, kisha 1.40, na mwenyewe atailaumu programu.

Zamani nguzo zilikuwa nene. Mwaka 1998 Intel iliuza prosesa ya bei ya chini iitwayo Celeron 300A, ya megahezi 300. Waliojua walibadilisha kasi ya njia kuu ya madabodi kutoka 66 kwenda 100, na prosesa hiyo ikakimbia kwa megahezi 450, mara nyingi bila kuongezewa volti au kwa nyongeza ndogo sana, ikashindana na Pentium II iliyouzwa kwa bei ya wenye nacho. Ilikuwa zawadi ya kweli kwa asiye na fedha, na sioni sababu ya kumlaumu mtu yeyote anayeitamani mpaka leo.

Zawadi hiyo ilikuwa na chanzo chake. Tangu Robert Dennard na wenzake wa IBM waandike mwaka 1974 kuhusu kupunguza ukubwa wa transista, viwanda vilikuwa na njia iliyonyooka: transista ikipungua, volti zake nazo hupunguzwa, na joto kwa kila eneo la silikoni hubaki palepale ingawa kasi imepanda. Volti zikashuka kutoka 5 hadi karibu na 1, kisha katikati ya miaka ya 2000 zikagoma kushuka zaidi, kwa sababu swichi iliyo chini ya kiwango fulani haifungiki sawasawa na umeme unavuja. Mwaka 2004 Intel iliiachia njiani prosesa yake iliyopewa jina la Tejas. Joto lilikuwa limewashinda. Tangu hapo gigahezi zimekuwa zikipanda kwa kuombwa. Kwa hiyo viwanda vyenyewe vikaanza kuchimba nguzo. Prosesa za leo hujikimbiza zenyewe kila zinapoona nafasi, zikijipandishia volti kwa muda mfupi ili namba iliyoandikwa kwenye boksi iwe kubwa.

Matokeo tuliyaona hivi karibuni. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za AMD za Ryzen 7000, hasa zile zenye herufi X3D, ziliungua zikiwa kwenye soketi, nyingine pamoja na madabodi zake, na dawa ikawa bayosi mpya zilizoweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu moja ya chipu. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Intel: prosesa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikichoka kabla ya wakati, na kampuni ikaeleza kwamba chipu zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita inavyotakiwa. Agosti 2024 ilitoa marekebisho yaliyozuia maombi ya juu ya volti 1.55, na muda wa dhamana ukaongezwa miaka 2. Wengi wa walioumia hawakuwa wamegusa chochote. Waliiacha mashine kama ilivyotoka kiwandani, wakiamini kwamba aliyeitengeneza anaijua.

Dhamana hiyo iangalie ukiwa Nyasubi. Prosesa imepita mikono ya wafanyabiashara watatu au wanne, boksi lilibaki njiani, risiti haipo. Marekebisho yenyewe huja kupitia bayosi mpya, na bayosi inapoandikwa umeme haupaswi kukatika hata kwa sekunde moja, la sivyo madabodi huweza kubaki imekufa. Mtu wa mji ambao mita yake inatulia halifikirii jambo hili mara mbili. Huku, fundi mwenye busara huazima UPS yenye betri nzima, husubiri mashine za mpunga zinyamaze, ndipo aanze.

Hapa sina budi kusahihisha dhana moja iliyoenea. Umeme wa mtaani ukishuka kutoka 230 hadi 180, volti za prosesa hazishuki nazo. Pawasaplai nzuri huendelea kutoa 12 zake, ila huvuta ampea zaidi kutoka ukutani ili kufidia, ikapata joto zaidi. Umeme ukikatika kabisa, akiba iliyomo kwenye kapasita zake huishikilia mashine kwa takribani milisekunde 17 ikiwa na mzigo mzima, kisha basi. Mwenye kompyuta iliyokimbizwa anaibana akiba hiyo kutoka pande mbili: mashine inadai wati nyingi zaidi, na ukuta unatoa kwa kusitasita. Kushuka na kupanda kwa mtaani hakuifikii prosesa moja kwa moja, lakini ndani ya madabodi kuna kushuka na kupanda kwingine kunakofuata sheria ileile ya mota ya mpunga. Kazi nzito inapoanza ghafla, prosesa huvuta mkondo mkubwa na volti zake huzama. Kazi inapokoma ghafla, volti huruka juu kabla ya kutulia. Waliounda prosesa waliruhusu kuzama huko kwa makusudi, ili mruko wa upande wa pili usivuke mpaka.

Bayosi nyingi zina mpangilio wa kuzuia kuzama huko, wenye ngazi kadhaa. Anayekimbiza prosesa huona volti zikizama wakati wa kazi, hukasirika, na kuuweka kwenye ngazi ya juu kabisa. Kwenye skrini namba sasa imenyooka na roho imetulia. Kilichotokea ni kwamba miruko imekuwa mirefu zaidi, na ni mifupi mno kwa programu ya kupimia kuiona. Huonekana kwa osiloskopu tu. Mtu aliyeona televisheni za mtaa mzima zikiungua umeme uliporudi kwa kishindo hahitaji kuelezwa kwa nini mruko ni wa kuogopwa kuliko upungufu. Ngazi ya katikati inatosha, na mara nyingi hata ile ya chini.

Namfahamu kijana mmoja wa Nyasubi ambaye Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mashine yake ilikuwa ikifika nyuzi 95 kila alipotoa video ndefu. Ikifika hapo prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Alikuwa amejiandaa kuongeza volti, kwa imani kwamba mashine inachechemea kwa kukosa nguvu. Akafanya kinyume. Alizipunguza kwa hatua ndogo za volti 0.025, kila hatua akiiacha mashine ifanye kazi nzito kwa saa kadhaa, mpaka ilipoanza kukosea. Akarudi hatua mbili juu na kuacha hapo. Volti zilikuwa zimeshuka kutoka 1.20 hadi 1.10. Fanya hesabu ya mraba utaona kwamba umeme unaoliwa umepungua asilimia 16 bila kupunguza gigahezi hata moja. Joto likashuka, prosesa ikaacha kujipunguzia kasi, na video zikatoka upesi kuliko zamani. Mashine ilipewa kidogo ikafanya zaidi, na hakuna ajabu ndani yake. Kilichokuwa kikiizuia tangu mwanzo ni joto.

Kahama iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, na feni ileile inayozunguka kwa mwendo uleule husukuma hewa kidogo zaidi. Ongeza vumbi la kiangazi linalojaa kwenye mapezi ya kipozeo, ongeza paa la bati. Ushauri ulioandikwa na mtu wa nchi ya baridi, mwenye kipozeo cha maji na chumba cha nyuzi 20, haujadanganya chochote, ila haukuandikwa kwa ajili ya chumba hiki. Walioifikisha prosesa kwenye gigahezi 9 mwishoni mwa mwaka 2022 waliipoza kwa gesi iliyogeuzwa kimiminika, na ilikimbia kwa muda mfupi tu wa kuandika rekodi. Nawaheshimu kama ninavyowaheshimu wakimbiaji wa mita 100. Kijana wa video anakimbia kila siku, na anarudi nyumbani na mashine ileile.

Wapo watakaosema kupunguza volti kunaokoa LUKU. Kunaokoa, lakini nisikuze. Ukipunguza wati 50 kwa saa 10 umepunguza nusu uniti, na kwa mteja anayelipa zaidi ya shilingi 350 kwa uniti hiyo ni chini ya shilingi 200 kwa siku. Faida kubwa iko kwenye umri wa madabodi na kwenye UPS, ambayo ikibebeshwa mzigo mdogo inakupa dakika za kutosha kuhifadhi kazi.

Kuna upande mmoja wa kupunguza volti ninaouogopa, na sitaki kuuficha. Prosesa isiyotosheka haizimi kila mara. Wakati mwingine inakosea hesabu moja katikati ya mabilioni na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Fremu moja ya video inaota madoa ya kijani, faili linakataa kufunguka wiki mbili baadaye. Harusi hairudiwi. Kompyuta hiyohiyo huenda mchana inaandika vitabu vya chama cha msingi cha wakulima wa pamba, ambamo tarakimu moja ikibadilika kuna mzee atakayeambiwa kilo zake hazipo. Kwa hiyo ninaposema kiasi kinachotosha, ninamaanisha kinachotosha saa nane mchana Oktoba, chumba kikiwa na watu, baada ya saa za kazi nzito mfululizo, na bado ukaongeza kidogo juu yake. Programu kama Prime95, inayolinganisha majibu yake na majibu yanayojulikana, itakuambia ukweli kuliko dakika kumi za mchezo wa mpira. Anayetaka kupata kasi kwa kupandisha namba anadaiwa na mashine yake kipimo hichohicho, na huko nako mara nyingi kipimo hukatishwa mapema kwa sababu jibu linalotakiwa limeshapatikana.

Si kila mashine itakufungulia ukurasa huu. Kompyuta za maofisini za Dell na HP, zinazokuja kwa wingi zikiwa mtumba, kwa kawaida bayosi zake hazionyeshi volti kabisa, na Intel huruhusu kubadilisha kasi kwenye prosesa zenye herufi K zikiwa juu ya madabodi za aina fulani. Karibu prosesa zote za mezani za AMD Ryzen, tangu zilipotoka mwaka 2017, zimeachwa wazi, zikiwekwa kwenye madabodi inayokubali. Anayenunua vipande Kariakoo aulize hilo kabla ya kuuliza gigahezi.

Ukishazipata namba zako, ziandike kwa kalamu kwenye karatasi na uibandike upande wa ndani wa mfuniko wa kava: volti, kasi, ngazi ya kuzuia kuzama, tarehe, na jina la bayosi iliyokuwamo siku hiyo. Madabodi ina betri ya duara iitwayo CR2032, ya volti 3, na kwenye mashine za mtumba mara nyingi imeshaisha. Betri hiyo ikiwa imekufa, kwenye madabodi nyingi umeme ukikatika saa na tarehe hupotea na mipangilio yako hurudi kuwa ya kiwandani, volti zote zikapanda tena bila kukuuliza. Maduka ya saa yanayo betri hizo. Badilisha kwanza betri, ndipo uguse volti.